Jumamosi ya Kusahihishana

Darasa letu lilimaliza watu saba, na kama Mungu angekuwa na subira ndogo kama yangu, asingemwacha hata mmoja wetu afike uzeeni. Nasema hivi nikiwa nimetoka misa ya asubuhi, nimekomunika, na moyo wangu umetulia. Sina hasira na mtu. Ila vijana wanaokuja kwangu kuuliza habari za shule ya zamani wanakuja na macho ya heshima. Wanataka kusikia kwamba sisi tuliosomeshwa wakati wa Wabelgiji tulikuwa watu wa maana, wenye Kifaransa cha kweli na adabu ya kweli. Naona ni dhambi kuwaacha waende zao na uongo huo. Tulikuwa watu wa ovyo.

Shule yenyewe ilikuwa ya misheni, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka Kindu, kwenye njia ya Kailo. Ilikuwa na nyumba mbili ndefu za matofali, kanisa, shamba la mpunga tulilolilima wenyewe, na kijito cha kuogea. Kazi yake ilikuwa kutoa walimu wa shule za vijijini. Ukivumilia miaka minne ulipewa cheti chenye mhuri, na kwa cheti hicho ulipewa shule, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, na jina la Mwalimu. Bila cheti ulirudi kwenu kulimishwa pamba kwa amri, pamoja na baba yako na kaka zako. Hilo ndilo tulilokuwa tukilikimbia, sote saba, na simlaumu mtu kwa kulikimbia. Nawalaumu kwa namna walivyokimbia, na mimi mwenyewe nilikuwa mbele ya wakimbiaji.

Mwaka wa mwisho tuligeuka watu wa kuchekesha. Miezi sita kabla ya kupata karatasi yoyote ya kutia sahihi, kila mmoja wetu alikuwa akifanya mazoezi ya sahihi yake, na mkia wake, na duara zake, kwenye mchanga, kwenye vibao, hata kwenye majani ya migomba kwa msumari. Tulijifunza kula mhogo wa kuchemsha kwa uma na kisu, kwa sababu tulisikia kwamba Mzungu akija kukukagua nyumbani anaangalia meza kwanza. Watu wa vijiji vya jirani tuliwaita basenji, yaani washenzi, na basenji hao walikuwa ndio mama zetu. Mama yangu alipokuja siku za kutembelewa na karanga zake zilizofungwa kwenye majani, nilimpokelea nyuma ya jiko. Nilimwambia aseme polepole. Alisema polepole. Aliniuliza tu, "Unakula vizuri, baba?" nami nikajibu kwa Kifaransa.

Kiongozi wa upuuzi wote huu alikuwa mkubwa wa darasa. Alikuwa akinyoa ndevu tangu mwaka wa kwanza, na kila mtu alijua kwamba alipunguza umri ili apokelewe. Alijinunulia miwani Kibombo kwa mchuuzi, miwani ambayo hakuna daktari aliyemwandikia, na kwa miwani hiyo hakuona ngazi ya kanisa, akaanguka kifudifudi mbele ya wanafunzi wadogo. Akasimama, akajipangusa, akasema ngazi ilijengwa vibaya. Wadogo aliwalazimisha wamwite Bwana Mwalimu kabla hata mtihani haujafika. Alitoka upande wa kwetu, vijiji viwili kupita cha baba yangu, na jambo hilo lina sehemu yake katika habari hii.

Mmoja tu kati yetu hakuwa mpuuzi. Alikuwa wa Kindu, mwana wa mfanyakazi wa reli. Babu yake alikuwa Mwislamu, mmoja wa wale waungwana wazee wa ukingoni mwa mto, watu wa tangu enzi za Waarabu, waliobaki na kanzu zao. Baba yake alibatizwa, naye akabatizwa akiwa mtoto mchanga. Alikuwa wa kwanza darasani katika kila kitu isipokuwa kuimba. Mimi nilikuwa wa pili. Tulikaa benchi moja miaka minne, na hesabu zote ninazozijua alinifundisha yeye, kwa kijiti, ardhini, bila kunicheka.

Kulikuwa na desturi moja ya kuchagua. Aliyemaliza wa kwanza alipelekwa kufundisha Kindu yenyewe, kwenye shule kubwa karibu na bandari, na ndiye aliyesoma hotuba ya Kifaransa siku ya vyeti. Waliobaki walitawanywa porini. Kila mtu alijua Kindu ni ya nani. Padri Mkuu, msimamizi wa shule, alikuwa amekwisha kumpa mwenzangu wa benchi kazi ya kuandika hotuba tangu Pasaka.

Na kulikuwa na desturi nyingine, ambayo ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri, kwa sababu watu wa leo hawaijui. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikutana chumba cha masomo kwa ajili ya kusahihishana. Padri Mkuu alikaa mezani na daftari lake na kiko chake. Yeyote aliyeona kosa la mwenzake alisimama, akasema, "Ndugu yangu, kwa upendo nakukumbusha," kisha akalitaja kosa mbele ya wote. Aliyetajwa alipiga magoti, akasema, "Asante, ndugu yangu." Basi. Kujibu ilikuwa kiburi, na kiburi kilikuwa kosa la pili. Padri aliandika. Mambo haya yalifanywa kwa Kiswahili, maana Padri alisema katika Kifaransa tungepata mahali pa kujificha.

Alikuwa mtu mwema, yule Padri. Alinipa kusoma, alinipa imani ninayoiishi hadi leo, na kila Novemba namwombea. Lakini alidhani anafuga watakatifu, kumbe alikuwa anafuga wachongezi. Sisi tuliigeuza Jumamosi ile kuwa soko. "Usiniseme kwa karanga, nami sitakusema kwa yule msichana wa kijitoni." Makosa makubwa tulibadilishana, madogo tuliyatoa mezani ili Padri apate cha kuandika. Mtu alishukuru kwa magoti kwamba amekumbushwa kusinzia wakati wa rozari, na moyoni alikuwa akipanga atakavyolipiza Jumamosi ijayo. Kwa upendo. Neno hilo nililisikia vibaya kwa miaka minne, na ilinichukua mingi zaidi kulisikia tena sawasawa katika Injili.

Jumamosi ya mwisho kabla ya vyeti ilikuwa nzito kuliko zote, kwa sababu ndipo Padri alipofunga alama ya mwenendo. Alama mbaya ya mwenendo ilikunyima cheti, hata ungekuwa wa kwanza. Ulipewa karatasi ya kusema tu kwamba ulipita hapo.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo, Padri alitutuma sisi wawili Kindu, mimi na yule rafiki yangu, kuchukua sanduku la chaki na vitabu lililofika na treni. Tulifika stesheni mabehewa yakiwa bado yamefungwa. Mpakuzi mmoja akamtambua mwenzangu.

"Wewe si mujukuu wa yule muzee wa pale chini? Hawakukuambia?"

"Kuambiwa nini?"

"Pole, ndugu. Amekufa asubuhi. Wanamutoa sasa hivi."

Tuliteremka mbio. Tulikuta jeneza limekwisha inuliwa. Waislamu wa pale wana namna yao ya kubeba maiti: hakuna wabebaji maalumu. Kila mwanaume aliyeko njiani anatoa bega, anakwenda hatua chache, anampisha mwingine, na jeneza linapita kutoka bega hadi bega mpaka kaburini. Hakuna anayeuliza dini yako. Mwenzangu alitoa bega. Mtu mmoja mwenye kanzu akaniangalia, akasogea, akaniachia nafasi, nami nikaingia. Nakumbuka uzito wake. Ulikuwa mdogo sana. Nilikwenda hatua kama ishirini, nikapisha, nikazunguka mbele, nikatoa bega tena. Kaburini wakaomba dua, na mwenzangu akainua mikono kama wengine wote waliomjua babu yake. Mimi nilisimama kando yake, mikono chini, nikasali Baba Yetu kimoyomoyo. Kisha tukarudi stesheni, tukachukua sanduku, tukalipokezana kichwani mpaka misheni. Njiani alisema neno moja tu: "Asante kwa bega."

Ijumaa iliyotangulia ile Jumamosi ya mwisho, jioni, jua bado lipo, mkubwa wa darasa alinikuta kijitoni nikioga. Alikuwa amevua miwani yake na kuishika mkononi.

"Siku ile ya chaki," akasema, "mimi pia nilikuwa Kindu. Kwa fundi, nangoja suruali. Barazani pale. Niliwaona."

Niliendelea kujisugua mgongo.

"Niliwaona wote wawili, wewe na mujukuu wa waungwana. Kesho nitasimama." Akatema mate majini. "Lakini wewe nitakuacha. Wewe ni mutoto wa kwetu. Siwezi kumumaliza mutoto wa kwetu."

"Alimzika babu yake tu," nikasema.

"Aliinua mikono. Mukristo anainua mikono kwa Waarabu? Sikiliza, mudogo wangu. Yeye akianguka, Kindu ni ya nani?"

Nikainama kuokota sabuni.

"Basi wewe unajua hesabu," akasema, akacheka. "Kesho unyamaze tu. Hakuna mutu anakuomba zaidi."

Hapo ndipo ningeweza kufanya kitu. Rafiki yangu alikuwa mita mia mbili kutoka pale, anafua shati lake. Padri alikuwa barazani, anasali breviari, kitabu chake cha sala. Nilikuwa na jioni nzima. Nilijisabuni mara ya pili. Nilijiambia kwamba huenda asisimame, kwamba huenda Padri asijali, kwamba mtu mwenye akili kama ile hawezi kunyimwa cheti kwa maziko. Mtu aliyesoma anapotaka kufanya uovu, hakosi sababu. Hiyo ndiyo faida niliyoipata kwanza katika masomo yangu.

Jumamosi mkubwa wa darasa alisimama wa pili. Miwani usoni, daftari mkononi, kama karani wa mahakama.

"Ndugu yangu, kwa upendo nakukumbusha kwamba ulionekana Kindu katika maziko ya wasiobatizwa, ukibeba, na ukisali kwa namna yao, mikono juu, mbele ya watu wote."

Padri akatoa kiko mdomoni. Kutokubeba maneno ya mtu na kutolisema jina la mtu, hayo yote tulikuwa tumefundishwa, na hapo hakuna aliyekumbuka. Nilitazama mbele. Wale wengine wanne walikuwa wanatazama meza zao, na niliona wazi kwamba walikuwa wameambiwa kabla. Kila mmoja angepanda ngazi moja. Wa tano angekuwa wa nne, wa nne wa tatu. Kwa ngazi moja walikuwa tayari, na ngazi yenyewe ilikuwa inawapeleka pori moja badala ya jingine.

Rafiki yangu alipiga magoti. Ilimpasa kushukuru. Lakini Padri akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe, akauliza.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, Padri. Alikuwa babu yangu."

"Nilikutuma pamoja na mwenzako. Mlikuwa pamoja pale?"

Mpaka leo sijui moyo wangu ulikaa wapi kwa muda ule. Najua tu kwamba mdomo wangu ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyekuwa ameushika.

"Hapana, Padri," rafiki yangu akasema. "Yeye alibaki stesheni, analinda sanduku. Mimi nilikuwa peke yangu."

Kisha akamgeukia mkubwa wa darasa, bado amepiga magoti, akasema, "Asante, ndugu yangu." Alisema bila kejeli yoyote. Padri akaandika.

Jumatatu majina yalibandikwa mlangoni. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Siku ya vyeti alikuja Bwana Administrata, Mbelgiji mtawala wa wilaya, na mke wake, na mshonaji mmoja wa Kindu alikuwa ametushonea suti za kaki zilizobana kwapani. Wazazi walisimamishwa nyuma ya kamba, kwenye jua. Sisi sita tulikaa kwenye viti, mikono magotini, kalamu mifukoni, na mbili kati ya kalamu hizo hazikuwa na wino tangu Krismasi. Wa saba alikuwa nyuma ya kamba na baba yake wa reli, amevaa shati lake la kila siku, safi.

Nilisoma hotuba. Ilikuwa yake, kila neno. Padri alikuwa amenikabidhi karatasi mwenyewe, akisema, "Kifaransa ni kizuri, kwa nini tuandike nyingine?" Sikuona aibu wakati ule. Niliona tu mwandiko wake, na mahali pa kupumzika alipokuwa ameweka alama kwa penseli, kwa sababu alinijua huwa nasoma haraka. Kulikuwa na mstari mmoja karibu na mwisho: tunawashukuru wazee waliotubeba kabla hatujajua kutembea, hata wale walioondoka bila kusali kama sisi tunavyosali. Nilimwona Administrata amekaa mbele yangu, mguu juu ya mguu. Niliuruka mstari huo. Watu wakapiga makofi. Mkubwa wa darasa alipiga kuliko wote, na mama yangu, ambaye hakuelewa neno hata moja, alilia huko nyuma kwa furaha. Machozi hayo pia niliyaiba.

Walipotawanyika kwenda kula, rafiki yangu alinijia.

"Umesoma vizuri," akasema. "Lakini umeruka mustari moja."

"Nimesahau."

"Hapana. Ulivuta pumzi pale."

Akanishika mkono, kama desturi, akaondoka na baba yake kwa miguu. Chakula kilikuwa wali na kuku, nasi tulikula kwa uma mbele ya mke wa Administrata, na yule mkubwa wa darasa akarusha paja la kuku mpaka kwenye gauni lake. Ndilo jambo pekee katika siku ile ambalo namshukuru Mungu kwalo bila shida yoyote.

Nilifundisha Kindu. Shule ilikuwa nzuri, paa la mabati, watoto themanini. Rafiki yangu alipata kazi bandarini, ya kuandika mizigo inayoshuka kwenye mashua na kupanda kwenye mabehewa: magunia ya mpunga, mapipa ya mafuta ya mawese. Nilijua yuko pale. Kwa miaka mitatu nilipita njia nyingine.

Mwaka wa tatu Padri Mkuu aliumwa, ikajulikana kwamba anarudishwa Ulaya. Nilikwenda misheni kumuaga, na nilimwambia, si katika kitubio bali uso kwa uso, barazani. Nilimwambia kwamba na mimi nilibeba. Nilimwambia habari za kijitoni. Nilidhani atalia, au atanipiga, au ataagiza karatasi na mhuri aandike upya. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza shule yangu, na nakiri kwamba nilijiona shujaa njia nzima ya saa tano.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, ningejua, ningewanyima wote wawili. Misheni ingekosa mwalimu mzuri. Ulifanya busara." Akanibariki. Niliipokea baraka ile kwa sababu ilitoka katika mkono wa padri, na mkono wa padri ni wa Kristo. Maneno yake niliyaacha pale barazani.

Ndipo nikaenda bandarini. Ilikuwa saa sita mchana, mashua imefungwa, wapagazi wamepumzika kivulini mwa ghala. Rafiki yangu alikuwa amesimama na ubao wake wa kuandikia, anakagua safu ya magunia. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba nilijua tangu Ijumaa, kwamba nilikaa kimya, kwamba nimemwambia Padri na Padri hakufanya kitu.

Hakuacha kukagua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ulioga mara mbili. Ulirudi kutoka kijitoni na vidole vimekunjamana kama vya mwanamuke wa kufua. Hukuniangalia mpaka asubuhi." Akaweka alama kwenye ubao. "Sasa unataka niseme nini?"

"Niambie umenisamehe."

"Nenda kwa mapadri, ndugu yangu. Kule njo wanasamehe. Mimi niko na magunia." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akalitazama jua. "Umekula?"

"Bado."

"Njoo basi, chakula kitapoa."

Wapagazi walikuwa wamezunguka sinia moja ya wali na samaki wa mto. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kitambaa begani, aliniangalia viatu, akaangalia suti yangu.

"Huyu ni nani?"

"Mwalimu wa shule ya misheni," rafiki yangu akasema, akimimina maji tunawe. "Tulisoma pamoja. Ni yeye njo alikuwa wa kwanza."

"Kumbe!" yule mtu akasema. Alinyanyuka mara moja, akageuza pipa tupu aliloketi juu yake, akalipangusa kwa kitambaa chake na kunisogezea, kwa sababu mtu aliyekuwa wa kwanza hawezi kukaa chini na wapagazi. Rafiki yangu alikuwa amekwisha keti ardhini, mkono wake uko siniani. Wote walikuwa wananingoja.

Nikakaa juu ya pipa.